Dar mpaka Guangzhou: umbali halisi, masaa ya hewani, na namna ya kupiga hesabu ya safari nzima kabla hujalipia tiketi

Kila ikikaribia mwezi wa nne na mwezi wa kumi, wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara ya Canton Fair kule Guangzhou, watu wa Kariakoo wanaanza kuulizana swali lile lile, hivi China ni masaa mangapi? Na majibu yanayotoka utacheka, mmoja atakwambia kumi, mwingine kumi na nane, mwingine anaapa kabisa alitumia siku nzima na nusu, na cha ajabu wote wanasema kweli. Wa kumi anahesabu muda wa kukaa kwenye siti tu, wa kumi na nane anahesabu kuanzia getini kwake Tabata mpaka kitandani hotelini, na yule wa siku na nusu alipata tiketi ya bei chee akalala kwenye viti vya uwanja wa watu huko njiani.

Kwa hiyo hapa nakuwekea namna ya kupiga hesabu mwenyewe, hatua kwa hatua, ili ajenti akikwambia "safari fupi tu hiyo" uwe na la kumuuliza. Na niseme mapema, kilomita zisikuumize kichwa sana, kinachokula muda kwenye safari hii ni kusubiri ndege ya pili na kuzisoma vibaya saa zilizoandikwa kwenye tiketi.

Hatua ya 1: jua umbali wenyewe

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Baiyun wa Guangzhou ni kama kilomita 8,700 ukipima kwa mstari mfupi kuliko yote. Ukikutana na namba ya maili basi ni kama 5,400, na ukikuta 4,700 usishtuke, hizo ni maili za baharini ambazo marubani wanatumia, moja ni kilomita 1.852. Mtu akikutajia umbali muulize kwanza ni kilomita au maili, maana nusu ya ubishi wa mitandaoni unaishia hapo.

Kupima mwenyewe ni rahisi, fungua ramani ya Google kwenye simu, bonyeza na ushikilie pale uwanja wa Dar ulipo mpaka alama itokee, alafu chagua pima umbali, sogeza mpaka Guangzhou. Ule mstari ukirefuka utauona umepinda na watu wanadhani ramani ina shida, haina, dunia ni duara na ramani imenyooshwa tu, vuta uzi juu ya chungwa utaelewa kwa nini njia fupi inaonekana imejikunja ukiichora kwenye karatasi.

Ukiufuata mstari huo unatoka Dar kuelekea kaskazini mashariki, unakata Bahari ya Hindi yote ile, na katikati kabisa ya safari unakuwa karibu na pwani ya Kerala kule kusini mwa India. Yaani nusu ya kwanza karibu yote ni maji, ukikaa dirishani usitegemee cha kuona. Nusu ya pili ndo inapita India ya kusini, Ghuba ya Bengal, Myanmar, Laos na Vietnam ya kaskazini, na hapo unaingia China kwa upande wa kusini. Ndege yenyewe haifuati mstari huu kwa usahihi wa sindano, inafuata njia za anga zilizopangwa, inakwepa mawingu mabaya na maeneo yaliyofungwa, kwa hiyo kilomita ilizoruka kweli huwa zinazidi kidogo.

Hatua ya 2: geuza kilomita kuwa masaa

Ndege kubwa za abiria zikishatulia kule juu zinakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Ila haiwi 900 safari nzima, inapanda polepole, inashuka polepole, inazunguka kusubiri zamu ya kutua, inatambaa barabarani pale uwanjani. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: chukua kilomita, gawanya kwa 850, ongeza nusu saa. Basi.

Dar Guangzhou: 8,700 gawanya kwa 850 unapata 10.2, ongeza nusu saa unakuwa kwenye masaa kumi na dakika arobaini hivi. Na kweli ndege ya moja kwa moja, hii ya Air Tanzania inayotumia Dreamliner, inacheza humo humo. Ile nusu saa ya kuongeza usiidharau, kila ukitua na kuruka upya unailipa tena, ndo maana safari ya vipande viwili haiwezi kuwa na muda sawa na ya kipande kimoja hata kama kilomita zingelingana.

Kuna kitu kingine, upepo. Kule juu kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na miezi ya baridi ya kule kwao, wa 12 mpaka wa 2, unakuwa na nguvu sana juu ya India kaskazini na China kusini. Ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Kwa hiyo kurudi Dar panga nusu saa zaidi, na wakati wa baridi inaweza kufika saa nzima. Sio rubani mvivu.

Na muda unaoandikwa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inaondoka pale ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena, sio tangu magurudumu yanaacha ardhi. Ndo maana unaweza kuruka umechelewa dakika ishirini na bado ukafika kwa wakati, wameshaweka nafasi humo ndani.

Ukitaka uhakika zaidi ya kanuni yangu, chukua namba ya ndege kutoka kwenye tiketi, iingize kwenye Flightradar24, ile tovuti ya kufuatilia ndege, utaona siku zilizopita iliruka saa ngapi kweli na ikatua saa ngapi kweli. Hapo ndo unapomjua nani anachelewa kila siku na nani anafika. Mimi naiamini historia ya wiki moja kuliko tangazo lolote.

Hatua ya 3: linganisha njia za kupitia

Kama siku yako haina ndege ya moja kwa moja au bei imekataa, utapita mahali. Njia zinazotumika sana na watu wetu ni Addis Ababa, Dubai, Doha na Nairobi. Watu wanabishana ipi fupi, sasa tazama namba.

Kupitia Addis: Dar mpaka Addis ni kama kilomita 1,760, Addis mpaka Guangzhou kama 8,040, jumla 9,800. Kupitia Dubai: 3,980 alafu 5,830, jumla hiyo hiyo 9,800 na kidogo! Ukiangalia ramani unaona kama Addis ni kupanda juu bila kusogea mashariki na Dubai ndo kuelekea kuelekea, lakini kwa kilomita zimefungana. Doha inazidi kidogo, 3,820 na 6,200, kama elfu kumi na ushee. Nairobi ndo fupi kuliko zote hizi, 670 na 8,680, jumla 9,350 hivi.

Sasa pitisha kwenye kanuni. Addis inakupa kama masaa mawili na nusu ya kwanza, kwenye ratiba huwa wanaandika karibu matatu, na kama kumi ya pili. Dubai matano na ushee alafu saba na nusu. Jumla ya hewani kwa njia zote nne ni masaa 12 mpaka 13 hivi. Umeona? Kati ya njia ndefu na njia fupi hapa tofauti ya angani haifiki hata saa moja. Alafu mtu anakaa anabishana Doha mbali wakati tiketi aliyoshika ina masaa kumi na moja ya kukaa Doha kusubiri.

Tofauti ya kweli ni namna usingizi unavyokatwa. Addis inakupa kipande kimoja kirefu cha kulala, kama masaa kumi, Dubai inakugawia vipande viwili vya wastani ambavyo hakuna unachokilala vizuri, maana ukianza kusinzia wanaleta chakula, ukimaliza kula wanatangaza kushuka. Mi kwa safari ya usiku nachagua kipande kirefu. Mwenye miguu inayovimba au mama mwenye mtoto mdogo anaweza kupenda vipande viwili, anyooshe miguu katikati, hilo ni lako.

Angalia pia kama ndege yenye namba moja inatua sehemu njiani. Kuna wauzaji wanakwambia "haibadilishwi ndege" na kweli hubadilishi, ila inashuka mji mwingine, mnakaa saa moja na nusu, wanapanda wengine, mnaendelea. Uliza hivi: inatua popote kabla ya Guangzhou? Swali hilo halina kona ya kukwepea.

Hatua ya 4: soma saa za tiketi, na hapa twende polepole

Hapa ndo watu wanakosa ndege kwa hiyo usiruke.

Kwanza, kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya Guangzhou. Sisi na Guangzhou tunapishana masaa matano, wao wako mbele, na China nzima pamoja na ukubwa wake wote inatumia saa moja, pia hawasogezi mishale ya saa kiangazi na baridi kama Ulaya na Marekani, waliacha hayo tangu 1991. Kwa hiyo ni matano mwaka mzima. Wa Nairobi, Mombasa na Kampala ni matano vile vile, wa Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni sita.

Chukulia ndege inatoka Dar 11:00 na inafika 02:30 ikiwa na ka alama ka +1 pembeni. Ka alama hako maana yake siku ya pili yake. Hesabu: 11:00 ongeza masaa kumi na nusu ya safari unapata 21:30 ya Dar, ongeza matano ya tofauti unapata 02:30 ya kule, tarehe imeshageuka. Kurudi, chukulia inatoka Guangzhou 08:00 inafika Dar 14:30 siku hiyo hiyo, ukitoa kichwa kichwa unaona masaa sita na nusu na kuna watu wanashangilia kwamba kurudi ni karibu, hamna, ongeza yale matano, ni masaa kumi na moja na nusu.

Kanuni fupi: kwenda China, toa saa ya kuondoka kutoka ya kufika (yenye +1 iongezee 24 kwanza), kisha punguza 5. Kurudi, ongeza 5. Ukiunganisha Addis au Doha, huko saa ni sawa na ya kwetu, Dubai wako mbele saa moja.

Pili, saa zetu na saa za tiketi. Tiketi inaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza, kwa hiyo:

Kuanzia 07:00 mpaka 18:59, toa 6. Tiketi ikisema 14:30 ni saa nane na nusu mchana.
Kuanzia 19:00 mpaka 23:59, toa 18. Ikisema 21:30 ni saa tatu na nusu usiku.
Kuanzia 00:00 mpaka 06:59, ongeza 6. Ikisema 02:30 ni saa nane na nusu usiku.

Mama yako akikuuliza unafika saa ngapi mpe ya Kiswahili, dereva wa teksi mwambie ya Kiswahili na umalizie na neno usiku au mchana, maana "saa nane" peke yake imeshawaacha watu njia panda wengi tu.

Tatu, na hii ndo mbaya kuliko zote: ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi inasema tarehe 12, saa 00:45. Mtu anasoma tarehe 12, anajua usiku, anaenda uwanjani tarehe 12 jioni akiwa na mabegi yake na shangazi zake wa kumsindikiza, anaambiwa ndege yako imeondoka usiku wa kuamkia leo. Kwa sababu 00:45 ya tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatakiwa uwe uwanjani tarehe 11 saa nne usiku hivi. Kwetu usiku ule bado tunauita wa tarehe 11, tiketi inauita 12. Kila ukiona saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, chukua kalamu uandike kwenye karatasi kwa mkono wako: NATOKA NYUMBANI TAREHE KUMI NA MOJA. Mwambie na mumeo au mkeo, mkumbuke watu wawili.

Kitu hicho hicho kinakupiga hotelini. Ukitua 02:30 ya tarehe 13, chumba unachokihitaji ni cha kuanzia usiku wa tarehe 12. Ukibuku kuanzia 13 utafika saa kumi na moja alfajiri wakwambie chumba chako kinafunguliwa saa nane mchana, ukae kwenye sofa ya mapokezi unaangalia samaki kwenye lile tangi lao. Ama lipia usiku wa nyuma, ama chagua ndege inayofika mchana.

Kwa wanaopita Addis, mtaani kule wanahesabu saa kama sisi kabisa, asubuhi ya kwanza ni saa moja, ila ubao wa uwanjani na tiketi viko kimataifa, fuata ubao.

Hatua ya 5: pima muda wa kuunganisha

Tiketi moja yenye vipande viwili na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama zinapita mji ule ule.

Kwenye tiketi moja, begi lako linafungwa kikaratasi Dar na unaliona tena Guangzhou, na ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili ni jukumu lao kukutafutia nyingine. Ukiwa kaunta ya Dar kiangalie kile kikaratasi, lazima herufi za kituo cha mwisho ziwe CAN, hizo ndo za Guangzhou, zinatoka kwenye lile jina la zamani Canton. Ukiona ADD (Addis) au DXB (Dubai) ndo zimeishia hapo, sema pale pale kabla begi halijamezwa na mkanda. Hapa masaa mawili mpaka matatu ya kuunganisha yanatosha. Saa moja na dakika kumi wanauza pia, mfumo unaruhusu, ila utakimbia na viatu mkononi kwenye foleni ya ukaguzi, mi siinunui.

Kwenye tiketi mbili tofauti, unashuka, unaweza kuhitaji viza ya kuingia nchi hiyo ili ulifikie begi lako, unalichukua, unapanga foleni upya, na ndege ya kwanza ikichelewa yule wa pili hana habari na wewe, hela imekwenda. Kama lazima ufanye hivyo basi acha masaa sita au zaidi katikati. Alafu jumlisha: ile laki mbili uliyookoa, toa chakula cha uwanjani, toa na uchovu wa kuingia sokoni siku ya kwanza macho mekundu unapanga bei na mtu aliyelala vizuri.

Masaa ya kusubiri yakizidi manane hivi uliza shirika kama wanatoa hoteli ya transiti. Baadhi wanatoa kwa masharti yao, ila wengi hawakupi usipouliza, na ni vizuri kuuliza wakati unakata tiketi, ukishafika kaunta ya kule saa kumi usiku utaambiwa vyumba vimejaa.

Hatua ya 6: hesabu mlango mpaka mlango

Sasa chukua karatasi uandike yote, kuanzia unafunga mlango wako.

Nyumbani mpaka Terminal 3: kutoka Kariakoo ni karibu kwa kilomita, ila Barabara ya Nyerere jioni unaijua, weka saa moja na nusu, ukitoka Mbezi au Kigamboni weka mbili. Kuwahi uwanjani: masaa matatu, na msimu wa maonyesho foleni ya watu wa China inakuwa ndefu. Hewani na kusubiri: kadiri ulivyopata juu. Kushuka Guangzhou: foleni ya uhamiaji, alama za vidole, mabegi, forodha, weka masaa mawili kama zimetua ndege nyingi kwa pamoja, ukibahatika saa moja. Uwanja mpaka mjini: Baiyun iko karibu kilomita 30 kaskazini ya katikati ya mji, teksi ni kama dakika arobaini mpaka saa nzima.

Kwa ndege ya moja kwa moja: 1.5 + 3 + 10.5 + 2 + 1 ni masaa 18. Ndo yule wa Tabata. Kwa Addis yenye kusubiri masaa matatu: 1.5 + 3 + 13 + 3 + 2 + 1, unapata 23 na nusu. Kwa Dubai yenye kusubiri masaa tisa inagonga karibu 30. Umbali ni ule ule wa Dar na Guangzhou, hakuna aliyeusogeza mji.

Treni ya chini ipo uwanjani na ni ya bei rahisi mno kuliko teksi, kama unaenda Xiaobei, ambako ndo waswahili na waafrika wengine wengi wanafikia, unachukua laini namba 3, unabadilisha Jiahewanggang kuingia laini namba 2 mpaka stesheni ya reli ya Guangzhou, hapo unaingia laini namba 5, kituo kimoja tu uko Xiaobei. Karibu saa moja. Shida ni kwamba inalala usiku na inaamka kama saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ukitua saa nane usiku sahau treni, na teksi wa usiku pale nje wale wanaokufuata wenyewe wakivuta begi usiende nao, nenda foleni rasmi. Jina la hoteli liwe limeandikwa kwa Kichina kwenye simu, picha kabisa, usitegemee intaneti ya kutafsiria hapo hapo, na ramani za Google kule hazifanyi kazi vizuri hata ukifanikiwa kuzifungua.

Wanaoendelea Yiwu, ule mji mwingine wa masoko ya jumla, waongeze tena kama kilomita 1,000 kwa mstari wa hewani, hiyo ni safari nyingine, usiiweke siku ile ile unayotua. Kama utaenda kwa ndege ya ndani angalia pawabanki yako, tangu tarehe 28 mwezi wa sita 2025 ndege za ndani za China hazipokei isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, zinachukuliwa pale pale kwenye ukaguzi.

Mambo ya mwili, dawa na saumu

Masaa matano ya tofauti yanatosha kukuvuruga. Kwenda mashariki ni kugumu zaidi kwa sababu unalazimishwa kulala wakati mwili unasema bado mapema, saa tano usiku ya kule mwili wako unajua ni saa kumi na mbili jioni. Ukifika asubuhi usilale mchana mzima, jikaze mpaka giza liingie. Mikutano ya kiwanda ya siku ya kwanza iweke mchana wa kule, asubuhi yao saa tatu kwako ni saa kumi alfajiri na utakubali bei yoyote.

Anayemeza dawa kwa masaa, sukari, presha, vidonge vya uzazi, ahesabu kwa masaa yaliyopita toka dozi ya mwisho, asiangalie saa ya ukutani, na wa insulini aongee na daktari wake kabla ya safari. Dawa ziende kwenye begi la mkononi.

Na kwa wanaosafiri Ramadhani, hii watu hawaipigii hesabu. Kwenda, unalikimbilia jua linakozama mapema, siku inakuwa fupi. Kurudi ni kinyume, unakimbizana na jua. Chukulia umefunga Guangzhou alfajiri mwezi wa tatu kwenye 05:20, umepanda ile ya 08:00, umetua Dar 14:30 mchana mweupe, magharibi ya Dar ni 18:35 hivi ambayo kwa saa ya mwili wako, ya China, ni 23:35. Umefunga masaa 18 na zaidi, na humo katikati wamepita na trei mara mbili. Masheikh wengi wanasema unafuata jua la pale ulipo, sio saa ya ulikotoka, na ruhusa ya msafiri kula na kulipa baadaye ipo. Amua kabla hujapanda ili uwaambie mapema wakuwekee chakula.

Siku mbili kabla ya kuondoka, na vile vile kabla ya kurudi

Ingia tena uangalie saa za ndege, ratiba zinasogezwa na barua pepe ya taarifa inaenda kwa ajenti sio kwako. Omba namba ya buku ya shirika lenyewe, yale maherufi sita, uangalie mwenyewe kwenye tovuti yao.

Kurudi kuna mtego wake. Ndege ikiondoka 08:00 unatakiwa uwanjani 05:00 na treni haijaanza, kwa hiyo gari liwe limepangwa usiku wake, na gari lenyewe liwe kubwa kutosha, maana uliondoka na begi moja unarudi na matatu na lile boksi la vitasa ambalo mwenye duka alikufungia kwa gundi roli zima. Pima uzito hotelini, sio kaunta, kupunguza mizigo sakafuni saa kumi na moja alfajiri huku foleni inakuangalia kunaweza kula dakika arobaini ambazo hukuziweka kwenye hesabu.